Cheti cha Macho Mazima

Asubuhi ile, kama asubuhi zote za mwezi huo, Nicodemus alimsalimia bintiye kwa kugeuza mwili mzima. Kichwa peke yake kilikuwa hakigeuki. Yalianza mabega, kikafuata kiuno, ikafuata miguu, na mwisho uso ukafika pale alipoketi Awiti, kama lori la kontena linalokata kona kwenye kichochoro.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Nimeamka vyema, Baba. Na shingo je?"

"Shingo ipo. Haijaenda popote, na hiyo ndiyo taabu yenyewe."

Awiti alicheka hata kipande cha hamri alichokuwa akitafuna kikataka kumpalia. Mama yake hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe akimchua mabega kwa dawa yenye harufu kali, ile ambayo paka wa jirani akiisikia huhama ngazi. Siku nyingine saa kama hizo Mama angekuwa keshafika sokoni Marikiti, anapanga nyanya na vitunguu vyake. Lakini siku hizi hatoki nyumbani kwao Tononoka mpaka amlainishe Baba Awiti kwanza, apate angalau kuvaa shati.

"Na macho hayo," Mama alisema. "Mekundu kama aliyekesha akimenya vitunguu vyangu."

Nicodemus alikuwa karani katika kampuni ya Bwana Awadh, mawakala wa forodha wenye ofisi yao Mbaraki. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi za mizigo iliyoshushwa bandarini, kisha kuyaingiza kwenye kompyuta yote yaliyoandikwa humo: mwenye mzigo ni nani, mzigo ni wa nini, una uzito gani. Alianza saa mbili asubuhi akamaliza saa kumi na moja jioni. Karatasi ziko chini mezani, skrini iko juu. Macho yanashuka, yanapanda, yanashuka, yanapanda. Herufi zilipoanza kumchezea, alinunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani. Aliijaribu moja baada ya nyingine hadi akaipata iliyokuza maandishi kuliko zote. Tangu hapo hakuona vizuri mpaka asogeze uso karibu na skrini, shingo mbele, mgongo nyuma. Wenzake ofisini walimwita Kobe.

"Jumanne makarani wote tunapimwa macho," alisema huku akifunga vifungo. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Alhamdulillahi, wangesema jirani zetu," Mama alijibu. "Si jambo jema hilo?"

"Jema kwa nani? Crispus alilalamika macho mwezi uliopita. Leo yuko wapi? Bohari! Anapanga magunia. Mimi nikipatikana na macho mabovu, nitafuata huko huko. Au nitarudishwa nyumbani kabisa, nije nikusaidie kumenya hivyo vitunguu."

"Sema kweli yako, upate dawa."

Nicodemus aliinama kuvaa viatu, akaguna, akajiinua kwa kushika ukuta.

Chini ya meza, miguu ya Awiti ilianza kucheza. Awiti alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata siku za raha hakujua kutulia. Mwalimu wake alisema kiti cha mtoto huyu kinachakaa kabla ya viti vingine vyote. Sasa aliisikia habari ya bohari, na miguu ikaenda mbio bila mwenyewe kutoka pale alipo.

Shuleni hakusikia somo hata moja. Saa ya mapumziko alimvuta rafiki yake Badria hadi nyuma ya tangi la maji akamweleza yote. Badria alikuwa mtoto wa Mji wa Kale, mpole wa sura lakini mdomo wake mkali.

"Watapimwa wapi?" Badria aliuliza.

"Kliniki moja huko kwenu."

"Ya macho? Basi ni kwa shangazi yangu, Bi Jannat! Yeye ndiye anayepima. Mwambie babako asiogope. Mtu huambiwa asome ubao wa herufi tu. Ubao wenyewe ni ule ule tangu mimi sijaota meno."

Awiti aliacha kucheza na kokoto. "Ule ule? Haubadilishwi?"

"Ubadilishwe kwani ni nguo?" Kisha Badria akamtazama vizuri. "Wee Awiti! Usiniambie unalolifikiri ndilo ninalolifikiri."

"Mimi nataka kuuona tu."

"Kuuona tu! Huo si wizi wa mtihani?"

"Si mtihani. Ni ukuta una herufi."

Badria alitikisa kichwa, lakini Jumamosi ilipofika walikuwa pamoja. Badria alitumwa kumpelekea shangazi yake chakula cha mchana, na Awiti akajitolea kubeba chupa ya maji ya ukwaju. Walipita Marikiti wakijibanza nyuma ya mikokoteni ya ndizi, maana Mama angemwona Awiti angemuuliza yuwaenda wapi, na miguu ile isingejua kujibu. Wakaingia vichochoro vya Mji wa Kale, wakapinda kushoto, wakapinda kulia, wakafika kwenye mlango wa rangi ya kijani.

"Salaam alaykum, Shangazi."

"Waalaykum salaam. Karibuni, wanangu. Na huyu ni nani anayerukaruka kama aliyekanyaga mdudu chungu?"

"Rafiki yangu, Awiti."

"Shikamoo, Bi Jannat," alisema Awiti.

"Marahaba. Keti, mwanangu. Sakafu yangu haiumi."

Awiti aliketi. Mbele yake, ukutani, ubao ulikuwa umetundikwa. Juu kabisa palikuwa na N moja kubwa kama mlango. Chini yake H na C, kisha safu nyingine, na nyingine, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Bi Jannat alipotoka kwenda kunawa mikono, Awiti akatoa penseli. Safu nane. Alipomaliza, jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni, ingawa feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake.

Jumapili, baada ya kanisa, alimpa baba yake ile karatasi.

Nicodemus aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Hizi ni nini?"

"Ndizo utakazosomeshwa Jumanne. Kwa mpangilio wake."

Baba yake aliishusha karatasi. "Nani amekutuma, Awiti?"

"Hakuna. Sitaki upelekwe bohari."

Vidole vya Nicodemus viliishika ile karatasi kama vinavyotaka kuichana. Havikuichana. Aliikunja, akaikunjua, akakohoa. "Basi hebu nisomee safu ya kwanza. Mara moja tu, nisikie."

Ile mara moja ikawa mara arobaini. Awiti aliitilia orodha ile mdundo, na baba yake akaufuata kwa kugonga meza. N! H, C! T, V, O! Kufikia jioni walikuwa wanaijua kama watu wa kwaya wanavyojua wimbo wa Krismasi.

"Mwaimba nini nyinyi?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Kazi ya shule, Mama!" Awiti alijibu. Jibu lilimtoka upesi, kabla hata hajalifikiria. Lakini usiku kucha aligeuka kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Jumanne, Nicodemus alirudi nyumbani na cheti. Kilikuwa na muhuri wa buluu na sahihi ya Bi Jannat: macho mazima, hana malalamiko yoyote.

"Tulikuwa ishirini na wawili, foleni imefika nje," alimsimulia Awiti pembeni, kwa sauti ya chini. "Nilipoitwa nikasoma kama maji. Kisha nikaulizwa: Macho yanawasha? Hapana. Yanatoa machozi? Hapana. Kichwa kinauma? Shingo? Mabega? Hapana, hapana, hapana! Bi Jannat akasema laiti wote wangekuwa kama mimi."

Walicheka. Mama alifurahi asijue anafurahia nini, akanunua soda. Lakini walipoketi kula, Nicodemus aliomba taa izimwe, iachwe ile ya jikoni peke yake, kwa kuwa mwanga ulikuwa unamchoma. Awiti alimwona akipapasa meza kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake. Soda haikumpendeza tena.

Wiki ikapita, ikapita ya pili. Mambo yakazidi kuwa mabaya. Sasa Nicodemus alishindwa hata kuinua mkono wa kulia kuchana nywele, na kila jioni alifumba macho kwa nusu saa akiwa na kitambaa cha maji baridi usoni. Awiti alisoma vitabu vyake bila kusoma, akisikiliza pumzi za baba yake chumbani.

Jumatano ya wiki ya tatu, Mama alirudi kutoka Marikiti amekasirika.

"Maskini Thoya," alisema, akimtaja jirani yake wa sokoni anayeuza matunda. "Machungwa yake ya Misri yamezuiwa bandarini. Ati karani mmoja wa wakala ameandika uzito usio wake. Mizani inasema vingine, karatasi zinasema vingine, basi mzigo hautoki. Watu wengine wafanya kazi wamelala!"

Nicodemus aliweka kijiko chini.

"Karani huyo ni mimi," alisema.

Hakuna aliyetikisika, isipokuwa miguu ya Awiti.

"Ilikuwa nane, mimi nikaiona tatu. Ni kosa langu la tatu mwezi huu. Bwana Awadh ameniita leo. Wajua amesemaje? Amesema, 'Nicodemus, lau ningejua una macho mabovu, ningejua la kufanya. Lakini cheti chako hiki hapa. Macho mazima, huna malalamiko. Basi huu ni uzembe.' Nimeambiwa Ijumaa nipeleke barua, nieleze kwa nini nisiachishwe kazi."

"Basi mwambie macho yanakuuma!" Mama alisema. "Kila mtu hapa nyumbani ayaona yanavyouma!"

"Nitamwambiaje? Cheti kinasema hayaumi."

"Kwani hukumwambia aliyekupima?"

Nicodemus alimtazama Awiti. Awiti aliutazama ugali. Mama akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nyinyi wawili mna nini?" aliuliza. Baba aliinuka, Mama akabeba sahani, na Awiti akabaki na yale maneno yakimzunguka kichwani. Wao wenyewe ndio waliokifunga kile kinywa cha Baba. Walitafuta cheti cha kumlinda asipelekwe bohari, na sasa cheti hicho hicho kinamfukuza hadi nje ya lango.

Alhamisi alikaa darasani kama aliyekalia makaa. Kengele ya mwisho ilipolia hakumsubiri hata Badria. Alikimbia. Alipita Marikiti katikati ya watu, akagonga kikapu cha mtu, akaomba radhi bila kusimama, akapinda kushoto, akapinda kulia, akausukuma mlango wa kijani.

Bi Jannat alikuwa akifunga madirisha. "Ala! Wewe ni yule wa chungu. Wataka nini saa hizi? Badria yu mzima?"

"Badria mzima. Mimi nimekuja kusema." Awiti alivuta pumzi. "Niliiba ubao wako, Bi Jannat."

Bi Jannat aligeuka kuutazama ubao. Ulikuwapo.

"Niliuandika kwenye karatasi. Siku ile ulipokwenda kunawa. Nikampa baba yangu, Nicodemus, karani wa Bwana Awadh. Hakuusoma kwa macho, aliusoma kwa moyo. Na yale maswali yote alijibu uongo, na sasa anafukuzwa kazi kwa uzembe, na si mzembe, Bi Jannat, wallahi si mzembe, haoni vizuri na shingo haigeuki, na mimi ndiye niliyeanza."

Kisha akalia. Bi Jannat alimwacha alie. Hakumpapasa mgongo wala hakumkemea. Alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Waiona sahihi iliyo kwenye kile cheti?" aliuliza mwishowe. "Ni yangu. Mimi nimemwambia Bwana Awadh kwamba mtu huyu ni mzima. Mmenifanya nami nimwongopee mtu mwaminifu, na bila ya kujua. Hilo limeniuma, nakwambia."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe nikishaona mwisho wake. Kesho saa moja na nusu asubuhi namtaka babako hapa. Asipokuja, nitakwenda Mbaraki mwenyewe, nikakifute cheti hicho kwa mkono wangu. Na wewe uje naye." Akainuka, akamfungulia mlango. "Na usikimbie njiani. Watu wa Marikiti wamejitwika mayai kichwani."

Nyumbani, Awiti alisema yote mbele ya wazazi wote wawili, amesimama, mikono nyuma.

"Umefanya nini, Awiti!" Nicodemus aliruka kutoka kitini. Kurukaruka na shingo ile havipatani. Alikamatwa na mshipa katikati ya hasira, akabaki ameinama upande kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. "Umekwenda kunimaliza! Kesho nitafukuzwa kwa uzembe na kwa uongo pia!"

"Keti, Baba Awiti," Mama alisema. Hakupaza sauti. "Kazi ya shule, sivyo? Nami nikawanunulia na soda! Wewe ni mtu mzima, na karatasi ile ilipita mikononi mwako. Mtoto amelifanya leo jambo ulilopaswa kulifanya wewe Jumanne ile. Keti nikuchue."

Nicodemus aliketi. Dawa ilipoanza kupenya mabegani alisema, "Saa moja na nusu?"

"Saa moja na nusu," Awiti alijibu.

Ijumaa asubuhi, Bi Jannat hakupoteza muda. Aliushika ubao wake, akaugeuza. Upande wa nyuma ulikuwa na herufi nyingine kabisa.

"Kumbe una mgongo!" Nicodemus alisema.

"Una mgongo, na tangu leo nitautumia. Haya, Bwana Nicodemus, tusomee. Pole pole, na bila kugonga meza."

Nicodemus alisoma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tano alisitasita. Ya sita alikunja uso, lakini akaimaliza. Ya saba na ya nane zilimshinda. Bi Jannat akampa kadi ya maandishi madogo ashike mkononi, akammulika macho kwa kijitochi, akayauliza upya yale maswali yote. Safari hii Nicodemus alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mwenyewe akaona haya.

"Safu mbili," Bi Jannat alisema. "Kwa ajili ya safu mbili ndiyo mkaibiana herufi! Macho yako hayafi, bwana wee. Yamechoka na yamekauka. Mtu akikodolea skrini husahau kupepesa, na jicho lisilopepeswa hukauka, likawasha, likawa jekundu. Unahitaji miwani, ndiyo, lakini miwani iliyopimwa. Hii umeipata wapi?"

"Barabarani."

Bi Jannat aliivaa, akaivua upesi. "Mungu wangu! Hii imekukuzia mpaka imekulazimisha kubandika pua kwenye kompyuta. Shingo itaachaje kuuma? Nichukulie mkoba wangu, Awiti. Nataka nikaione meza yake."

Bwana Awadh aliwapokea ofisini kwake, mzee mfupi mwenye kofia safi na ndevu zilizochanwa. Walisalimiana kwa kirefu. Aliuliza hali, akauliza watu wa nyumbani, akamuulizia Bi Jannat ndugu zake kwa majina, na muda wote huo Awiti alihisi sakafu inamchoma nyayo. Kisha mzee akanyoosha mkono.

"Barua yangu, Nicodemus?"

Awiti alifungua mdomo. "Bwana Awadh, mimi ndiye..."

"Niache nijisemee, mwanangu," baba yake alisema. Akasimama wima kadiri shingo ilivyomruhusu. "Sina barua. Cheti kile ni cha uongo. Niliukariri ubao kabla ya kupimwa. Niliogopa bohari. Makosa matatu niliyoyafanya, niliyafanya nikiwa sioni vizuri, na niliinyamazia hali hiyo nikijua mizigo ya watu imo mikononi mwangu. Hilo ndilo jambo langu lote."

Bwana Awadh aliushusha mkono uliokuwa ukingoja barua. "Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa wala sijakuona ukiniongopea. Na mara ya kwanza, ukaniongopea kwa muhuri!"

"Kabla hujahukumu," Bi Jannat aliingilia, "niruhusu niione hiyo meza, Bwana Awadh."

Walikwenda ukumbini, walikoketi makarani. Meza ya Nicodemus ilikuwa chini kabisa ya kiyoyozi, na upepo wa baridi ukimvumia usoni. Kompyuta ilipandishwa juu ya mafungu matatu ya faili za zamani, kwa kuwa zilikosa mahali pengine pa kukaa. Karatasi za mizigo zililala mezani, kushoto. Nyuma ya kiti palikuwa na dirisha, na jua lake likianguka moja kwa moja kwenye skrini.

"Keti, ufanye kazi kama siku zote," Bi Jannat aliamuru.

Nicodemus akaketi. Shingo ikaenda kushoto chini, ikapanda kulia juu, ikanyooka mbele kama ya kobe kweli. Awiti hakuwahi kumwona baba yake kazini. Alihesabu kimoyomoyo. Kabla hajafika mia, shingo yake mwenyewe ilikuwa inauma kwa kutazama tu.

"Huinuka saa ngapi?" Bi Jannat aliuliza.

"Kuinuka kwenda wapi?"

"Kunywa chai, kunyoosha miguu."

Makarani walitazamana. Pale ofisini chai ililetwa mezani, na karani aliyeonekana amesimama aliitwa mtalii. Ilikuwa sifa mtu kushinda siku nzima hajabanduka kitini.

"Hebu niambieni," Bi Jannat alisema kwa sauti ya wote. "Ni nani mwingine ambaye shingo inamuuma?"

Macho yote yalikwenda kwa Bwana Awadh. Awiti aliona mkono wa dada mmoja, Sheryl, ukipanda hadi nusu, ukasita, ukashuka. Akaona na baba yake akiuona.

Nicodemus akainua mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa unainuka. "Mimi," alisema. "Na macho pia. Wengine semeni, jamani. Mimi yangu nimekwisha kuyasema, na bado nipo."

Sheryl akainua wake. Akafuata Joab wa dirishani, akafuata jirani yake, na mwishowe ilikuwa rahisi zaidi kuhesabu wasioinua. Mlangoni, mtu mmoja mwenye sanduku begani alikuwa amesimama akicheka. Alikuwa Crispus, aliyepanda kutoka bohari.

"Mimi yangu ilipona," alisema. "Tangu nilipoomba kuhamia chini, naamka shingo nyepesi."

"Ulipoomba?" Nicodemus aligeuka mwili mzima. "Si ulifukuzwa?"

"Nifukuzwe na nani? Niliomba mwenyewe! Wewe ungeuliza, ningekwambia."

Mkono wa Bwana Awadh mwenyewe ulikuwa begani, anajikanda bila kujijua. Alipougundua aliushusha. Lakini wote walikuwa wamekwisha kuuona, na Sheryl akaziba mdomo asicheke.

"Haya," mzee alisema. "Bi Jannat, sema yanayotakiwa."

Bi Jannat akayasema, na hayakuwa ya ajabu. Faili zitolewe, skrini ishuke mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho, nayo ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Karatasi zisimamishwe kwenye kishikizo ubavuni mwa skrini, shingo isipande na kushuka. Kiyoyozi kigeuzwe, dirisha lipate pazia. Kila baada ya dakika ishirini mtu aondoe macho, atazame mbali kwa kitambo na kupepesa. Na chai isiletwe tena mezani. Anayeitaka ainuke aifuate.

"Na wewe, Nicodemus," Bwana Awadh alisema, "hufukuzwi. Lakini barua ya onyo itakaa kwenye faili lako, maana uongo ni uongo hata ukiwa na maumivu. Na leo utakwenda mwenyewe kwa yule mwenye machungwa, umweleze na kumwomba radhi." Kisha akamgeukia Awiti. "Na wewe, binti, umenitia hasara, kisha ukaniponya nisiipate kubwa zaidi. Sijui nikupe kofi au nikupe chungwa."

"Machungwa bado yako bandarini, Bwana Awadh," Awiti alisema kabla hajauzuia ulimi.

Ukumbi mzima ulicheka, na mzee akacheka kuliko wote.

Yaliyofuata yalichukua muda wake. Miwani mipya ilikuwa tayari baada ya siku nne. Macho yalitulia baada ya wiki mbili, na shingo, iliyokuwa na kiburi zaidi, ilisumbua karibu mwezi mzima. Machungwa ya Thoya yalitoka Jumatatu, machache yameharibika, na Thoya alinuna siku tatu kabla ya kusamehe. Lakini asubuhi ile ya Ijumaa hayo yote yalikuwa hayajatokea. Baba na binti walikuwa wakitoka tu langoni, Awiti akiwa amevaa sare, saa nne na nusu, na shule ilikuwa imeanza zamani.

Walitembea hadi kona ya kwanza. Kisha Nicodemus akasimama chini ya kivuli cha ukuta.

"Nataka nikwambie jambo, nawe ulishike," alisema. "Nilidhani nikificha ugonjwa nitailinda kazi. Kumbe mtu akificha maumivu yake, watu humhukumu kwa makosa yanayoletwa na maumivu hayo, na hana la kujitetea. Daktari hawezi kukitibu kitu ulichomnyima asikione. Mwili ukikulalamikia, sema mapema, kwa mtu anayejua, na useme vilivyo. Mimi nilikuwa mtu mzima, na karatasi ile ningeichana. Nisamehe kwa kuwa sikuichana."

"Na mimi nisamehe kwa kuiandika."

"Yamekwisha." Akamshika mkono. "Twende shule. Nitamweleza mwalimu wako kwa nini umechelewa."

"Utamwambia nini, Baba?"

Nicodemus alifikiri kidogo, akapepesa macho mara tatu, kwa makini, kama alivyoagizwa.

"Yote," alisema. "Yatakuwa marefu, na atanicheka. Twende."